Amplifaya ya Marehemu Mathenge

Jumamosi, 13 Machi 1999
Mvua imeanza leo, na pamoja na mvua amekuja Mama Judy na mkokoteni wa punda. Chini ya turubai alikuwa amebeba amplifaya ya Mathenge na spika yake kubwa. Sikuwa nimeviona vitu hivyo tangu tulipomzika Mathenge Juni iliyopita. Yeye ndiye aliyenifundisha gitaa, na kwa miaka minne nilipiga gitaa la pili katika bendi yake, mimi mwanamke peke yangu, watu wakinikodolea macho kila Jumamosi.

Mjane wake anaitwa Ngendo, ila sisi sote humwita Mama Judy, kwa jina la bintiye. Namwogopa tangu zamani. Tulipokuwa tukienda kwake kijijini Ihururu kufanya mazoezi, alikuwa akituwekea chai mezani kwa kishindo, halafu anatokomea shambani.

Leo ameingia chumbani kwangu hapa Ruring'u, pembeni mwa mji wa Nyeri, bila kufuta matope, akakaa kitandani.

"Gaceri, hii kitu imekaa kwa stoo yangu miezi tisa, chini ya magunia ya mahindi. Simeon alikuja na pickup kuichukua wiki ile ya mazishi, nikamwambia haiko. Sasa anaambia kila mtu ati niliuza."

"Mzee Simeon? Lakini Mama Judy, yeye ni mtu mzuri."

"Mzuri kwako."

Nikammiminia chai. Simeon ni kaka mkubwa wa marehemu, mwanakamati wa chama cha kahawa ninakopiga chapa, na ndiye aliyenisemea nikapata kazi ile. Mama Judy akaendelea. Tarehe tano Juni familia itaweka msalaba wa mawe kaburini, na baada ya maombi wazee wa ukoo watakaa kuzungumzia shamba. Simeon anasema mwanamke aliyeuza vyombo vya mumewe atauza na udongo, kwa hiyo shamba alishike yeye mpaka Judy aolewe, kisha ndiyo ijulikane ni la nani.

"Nimewaambia haijauzwa. Nimewaambia siku hiyo italia, kila mtu asikie na masikio yake. Wewe ndio utacheza."

Hakuniuliza kama nitaweza. Alikunywa chai yangu, akasema imekosa majani, akaondoka na punda wake.

Jumapili, 14 Machi
Sikwenda kanisani. Nimeunganisha spika, nimewasha, nimesubiri valvu, zile chupa zake za kioo, zipate moto, nimechomeka gitaa. Kimya. Nimegeuza kila kitufe. Kimya kabisa.

Nimefungua mfuniko wa nyuma kwa bisibisi ya Jeniffer, jirani yangu. Zile valvu nne kubwa zinawaka vizuri. Lakini upande wa mbele, pale gitaa linapoingia na sauti kuandaliwa, panya wamefanya makao yao. Waya zimetafunwa, kibati chake kimeota kutu na mkojo wa panya, na kwenye kona kuna kiota cha maganda ya mahindi.

Mama Judy ameahidi ukoo mzima. Nami sikumwambia hapana.

Jumanne, 16 Machi
Mvua. Sijamwambia.

Jumamosi, 20 Machi
Nimekwenda Nanyuki kwa Yasin. Zamani alikuwa akitupigia ngoma, siku hizi ana kibanda cha kutengeneza redio nyuma ya soko. Yasin ni fundi mzuri anayejisifu kuliko ufundi wake, na haachi kuzungumza hata akiwa na msumari mdomoni. Nilikuwa nimebeba kile kibati kilicholiwa, nimekifunga kwenye gazeti.

Alikigeuza mara moja tu. "Hii wachana nayo, dada Gaceri. Hizi valvu ndogo sijaona tangu shule. Lakini umesema nyuma iko sawa?"

"Zinawaka."

"Basi mgonjwa ana moyo lakini hana mdomo. Tutampatia mdomo."

Akaingia chini ya meza, akatoka na kisanduku chekundu kinachotoshea kwenye mkoba wangu. Alikinunua kwa askari mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akimaliza mazoezi yake ya kijeshi huko Nanyuki, na tangu wakati huo hakuna aliyekitaka. Ni cha kompyuta, anasema. Ndani yake hamna valvu hata moja, lakini kinaiga amplifaya za kila aina. Unageuza kitufe, kinaiga ya Marekani. Unageuza tena, kinaiga ya Uingereza. Peke yake hakina nguvu ya kusukuma spika, kinasikika kwenye hedfoni tu. Ila amplifaya ya Mathenge ina tundu nyuma, linaloingia moja kwa moja kwenye sehemu ya nguvu, bila kupita mbele. Sauti ipikwe kwenye kisanduku, isukumwe na valvu za Mathenge.

"Lakini hapo itakuwa bado ni yake?" nikauliza.

"Wallahi wewe unapenda maswali. Nani anapiga kelele, mdomo ama mapafu?"

Amenikopesha mpaka Juni. Njia nzima ya kurudi Nyeri nimekishika mapajani kwa mikono miwili, nikiwaza kwamba swali langu hakulijibu.

Jumapili, 21 Machi
Imelia! Lakini imelia vibaya. Sauti ni nzito, imezibwa, kama mtu anayezungumza chini ya blanketi mbili. Nimejaribu aina zote zilizomo, za Marekani na za Uingereza. Zote ziko chini ya blanketi. Ukoo wa Mathenge umemsikia akipiga kwa miaka ishirini. Hata mtoto atajua kwamba huyu si yeye.

Jumatano, 24 Machi
Nimetafuna kucha mpaka kwenye nyama. Stima ilipotea jioni yote, naandika kwa mshumaa.

Jumamosi, 27 Machi
Nimepata. Kisanduku hakiigi amplifaya pekee, kinaiga na spika yake, kwa sababu kimetengenezewa mtu wa hedfoni. Kwa hiyo mimi nilikuwa nikipitisha spika ya kuiga ndani ya spika ya kweli, na ndizo hizo blanketi mbili. Kuna swichi ndogo ubavuni. Nimeizima.

Nikapiga uzi mmoja tu na chumba kikajaa. Sauti ilikuwa na kifua. Nilipopiga polepole ilikuwa safi, nilipoongeza mkono ikakwaruza, namna ile ile aliyokuwa akiipenda Mathenge. Jeniffer aligonga ukuta wa mbao, nikadhani analalamika, kumbe anataka nirudie. Nimelia kidogo. Halafu nikakaa nikiogopa kwamba kitu kizuri kiasi hiki hakiwezi kukaa mpaka Juni.

Jumatano, 31 Machi
Mzee Simeon amekuja ofisini na kunialika chai mkahawani. Aliagiza na mandazi. Ni mtu wa kofia safi na sauti ya chini, na kila mara huniita mama, kama vile mimi ni bintiye.

"Gaceri mama, kazi inaendelea aje?"

"Vizuri, Mzee."

"Mimi niko na kitu kidogo inanisumbua. Nasikia ati kuna vitu za ndugu yangu ziko hapa town. Mtu akikuwekea kitu ya wizi, si makosa yako. Unaniambia tu, na inaisha."

Nikasema sijui habari ya wizi wowote. Akatabasamu, akalipa, akanisindikiza hadi mlangoni akinishikia mwavuli. Nimekaa mbele ya taipureta nikikosea kila neno. Huyu ndiye mtu aliyenipa kazi. Na ana haki ya kumlilia nduguye. Pengine ni mimi ninayemfikiria vibaya.

Jumatatu ya Pasaka, 5 Aprili
Nimekwenda Ihururu nikiwa nimeazimia kumwambia Mama Judy kuhusu panya. Nilimkuta jikoni akimlisha mama mkwe wake, mama yao Mathenge na Simeon, ambaye sote tunamwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Cucu amezeeka kweli. Siku nyingine anajua mwanawe alikufa, siku nyingine hajui. Mama Judy alikuwa akimpulizia uji kijiko kwa kijiko, wala hakumharakisha.

"Simeon anasaidia kumtunza?" nikauliza.

"Analeta sukari Krismasi."

Kisha akaniuliza, "Inalia?"

Nikasema inalia. Si uongo. Lakini nimerudi nyumbani na panya wangu moyoni.

Alhamisi, 15 Aprili
Mvua wiki nzima. Ukuta umetoa maji, na mchele nilioletewa kutoka Mwea umeota ukungu. Mathenge alikuwa akituambia kwamba wakati wa mvua amplifaya iwashwe kila siku hata kama hupigi, valvu zikaushe unyevu. Nafanya hivyo kila jioni. Nikisikia harufu yoyote naikimbilia, hata Jeniffer akiunguza vitunguu.

Alhamisi, 22 Aprili
Mama yake Jeniffer amefariki hospitalini. Atazikwa kwao, karibu na Kutus, wiki ijayo. Nimekaa na Jeniffer mpaka majirani wengine walipofika. Kuanzia leo watu watakuja hapa kwenye ploti, uani kwa vyumba vyetu vya kupanga, kila jioni kwa maombi. Redio zote zimezimwa bila mtu kuambiwa. Ndivyo inavyokuwa huku kwetu. Maiti ikiwa haijazikwa, huwezi kupiga muziki ng'ambo ya ukuta wa mfiwa.

Jumatatu, 26 Aprili
Nimeiua.

Acha niandike polepole. Jioni watu walikuwa wakiimba tenzi kwa Jeniffer. Mimi nilishakaa huko, nikasali, nikarudi kwangu kwa sababu vidole vilikuwa vinaniwasha. Siku zilikuwa zinakwenda na nilikuwa sijafanya mazoezi. Nikawaza, nitatumia hedfoni za kisanduku. Lakini amplifaya nilikuwa nimeshaiwasha, unyevu ni mwingi. Na ikiwaka ikiwa imeungwa na kisanduku, itapiga kelele. Ile waya ya tundu la nyuma Mathenge alitukataza kuigusa wakati valvu zina moto, hutoa mlio kama bunduki. Basi nikafanya nililoona ni la adabu. Nikachomoa spika. Nilijiambia spika ndiyo mdomo, mdomo ukifungwa hakuna kelele, na mfiwa hatasumbuka.

Nikavaa hedfoni. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananisikia, nikapiga kwa nguvu kuliko siku zote.

Sikusikia kitu kwa sababu ya hedfoni. Nilisikia harufu. Nikadhani ni vitunguu, halafu nikakumbuka kwamba hakuna anayepika, watu wanasali. Nilipogeuka, valvu mbili zilikuwa zimegeuka nyekundu kama makaa, na moshi mwembamba unatoka kwenye kile chuma kizito kilicho kati yake na spika. Fyuzi ikapasuka. Ng'ambo ya ukuta walikuwa wakiimba ubeti wa mwisho, na mimi nimepiga magoti nikipepea amplifaya kwa kitambaa cha kichwa, nikijiambia nisipige mayowe, kuna msiba.

Mama Judy atapoteza shamba kwa sababu nilitaka kuwa na adabu.

Jumanne, 27 Aprili
Nimempigia Yasin kutoka kibanda cha simu. Nikamweleza yote.

"Dada, ulichomoa spika ikiwa imewaka? Na ukapiga?"

"Ndiyo."

"Hiyo nguvu ilikuwa iende wapi sasa? Umeifungia ndani. Imekula transfoma, hiyo chuma nzito."

Amplifaya za siku hizi huvumilia hilo, anasema, za valvu hazivumilii. Niilete Jumamosi.

Jumamosi, 1 Mei
Nimeipeleka. Sikupeleka yote, Yasin alisema nifungue bati lenye valvu na transfoma, niache kabati lake la mbao nyumbani. Nimelibeba kwenye kiondo, nimelifunika kwa sukuma wiki. Yasin ataisuka transfoma upya, waya mpya kwenye chuma kile kile.

Niliporudi nikaliona kabati pale chumbani, tupu. Sasa ni kweli. Simeon akija leo atakuta kabati bila kitu ndani, na vilivyokuwa ndani viko kwa fundi Nanyuki.

Jumatano, 5 Mei
Hakuna habari. Mvua.

Jumapili, 9 Mei
Hakuna habari. Jeniffer amerudi kutoka mazishini. Amenishukuru kwa kuwa kimya wiki ile. Nimeshindwa kumtazama usoni.

Ijumaa, 14 Mei
Simeon tena. Safari hii hapakuwa na chai. Alisimama mbele ya meza yangu wakati wenzangu wameenda kula.

"Ulionekana Nanyuki na chuma ya ndugu yangu kwa kiondo."

Nilichomoa karatasi kwenye taipureta, nikaiweka kando.

"Kwa hivyo mambo ni hivi. Kwa Ngendo, huyo Mama Judy wenu, imebaki boksi, na nyama inauziwa mafundi. Nitasema hivyo mbele ya wazee. Wewe kazi yako sitagusa, mimi si mtu mbaya. Lakini hiyo siku usikuje."

Nilitaka kumwambia ukweli wote, na nikagundua kwamba ukweli wote unamsaidia yeye. Kwa miezi miwili nimekuwa nikimtetea huyu mzee moyoni. Leo nimemwona akivaa kofia yake taratibu kwenye kioo cha dirisha, akiiweka sawa, na nimemchukia.

Jumatatu, 17 Mei
Yasin hayupo kibandani. Aliyepokea simu anasema ameenda Isiolo harusini. Harusini!

Jumamosi, 22 Mei
Nimekwenda mwenyewe na kumkuta. Harusi ilikuwa ya dada yake, Safa, kwa hiyo hasira yangu haikuwa na pa kukaa. Amenilisha pilau iliyobaki. Waya mwembamba ameutoa kwenye transfoma za redio kuukuu, waya mnene ameupata Kutus kwa fundi wa mota za mashine za kukoboa mpunga. Anasuka kwa mkono, akihesabu mizunguko kwa sauti, na kila mteja akisema salamaleku inabidi aitikie, kisha anasahau alipofika na kuanza upya. Nimeketi mlangoni mchana kutwa nikiwaambia watu waje baadaye.

"Yasin, hii bado ni ya Mathenge? Mbele ni ya mwanajeshi, na sasa waya za shaba ni za mashine ya mpunga."

"Chuma ni ile ile. Valvu ni zile zile. Mtu akinyolewa anakuwa mtu mwingine?"

Tuliunga spika kwanza. Yasin alinifanya niishike waya yake na kuivuta kuhakikisha imeshika, kama mtoto anayefundishwa kuvuka barabara. Halafu tukawasha. Inalia. Nyororo zaidi kidogo kuliko zamani, ama ni masikio yangu. Sijui. Sijui chochote tena.

Jumapili, 30 Mei
Mvua imepungua. Mama Judy amekuja bila taarifa, akasema anataka kusikia. Nikampigia. Alisikiliza amesimama, mkoba mkononi, macho kwenye kile kisanduku chekundu.

"Na hii ni nini?"

Nikamwambia yote. Panya, kisanduku, hedfoni, moshi, Nanyuki, maneno ya Simeon. Nilisema kwa haraka ili nisisimame katikati. Nilipomaliza alikuwa ameketi.

"Uliichoma ukinyamazia jirani mwenye maiti?"

"Ndiyo, Mama Judy."

Akaanza kucheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa leso. "Haiya! Sasa hiyo nitakulaumu aje?"

Halafu akawa yule yule. "Wakiniuliza, nitawaambia vile iko. Siwezi danganya wazee halafu nilale kwa hiyo shamba."

"Lakini wakijua mbele imekufa, Mzee Simeon atasema..."

"Wacha aseme."

Nikamwambia nilidhani siku zote hakupenda muziki wetu. Akanitazama kwa mshangao. Muziki aliupenda, akasema. Wasiompendeza ni watu wanaokula chakula chake na kuondoka bila kuosha vikombe. Nimeona aibu mpaka shingoni, kwa sababu ni kweli, hatukuwahi kuosha hata kimoja. Leo nimeviosha vyote kabla hajaondoka, hata kile alichokuwa bado anakinywea.

Ijumaa, 4 Juni
Nimejaribu mara nyingi kuliko inavyofaa. Inalia. Nimejaribu tena. Inalia. Nalala na nguo.

Jumamosi, 5 Juni
Shamba limebaki kwa Mama Judy. Naandika hilo kwanza. Mzee Theuri, mwenyekiti wa ukoo, aliuliza kama kuna mwenye neno, na hakuna aliyekuwa nalo, hata Simeon. Chifu aliyekuwepo akaandika jina la Mama Judy na la bintiye. Sasa niandike jinsi ilivyokuwa.

Asubuhi stima ilipotea, ikarudi, ikapotea. Ilirudi msalaba ulipokwisha kuwekwa. Watu walijaa uani hadi kwenye kahawa. Cucu aliketishwa mbele kwenye kiti cha mbao, na blanketi magotini. Nilivuta waya ya spika kuhakikisha. Nikaivuta tena. Nikapiga ule wimbo ambao Mathenge alikuwa akifungulia dansi, na nikaona mabega ya watu yakianza kuukumbuka.

Nilipomaliza Simeon alisimama, kofia mkononi.

"Ndugu zangu, mimi si fundi. Lakini naona waya inatoka kwa gitaa inaingia kwa hii kitu nyekundu ya wazungu. Hiyo ndio imelia. Ya ndugu yangu ni boksi imewekwa hapo ya kutudanganya. Azime hiyo ndogo tusikie kubwa."

Mzee Theuri akanitazama. "Zima, msichana."

Nikazima. Nikapiga nyuzi zote sita. Kilichosikika ni kuku. Watu wakaanza kunong'ona, na Simeon hakuketi. Mama Judy alisimama kutoka kati ya wanawake.

"Mbele imekufa," akasema. "Panya walikula kwa stoo. Na iliwekwa kwa stoo kwa sababu wewe ulikuja na pickup kabla udongo wa ndugu yako haujakauka. Nyuma ni yake, na iko hai. Mimi sijauza kitu."

"Iko hai?" Simeon akasema. "Mbona imenyamaza?"

Nilichowaza ni kuondoa tu kile kisanduku wasiendelee kukitazama, kwa hiyo nikachomoa waya ubavuni mwake. Nilisahau kwamba upande wa pili bado uko kwenye tundu la nyuma, na valvu zina moto. Kidole gumba changu kikaangukia kwenye ncha ya chuma.

Amplifaya ikanguruma. Haukuwa muziki hata kidogo. Ulikuwa mlio mmoja mzito, wa mwili wangu mwenyewe ukipita kwenye valvu za Mathenge, na ulitikisa mabati ya jikoni. Kuku wakakimbia. Kisanduku chekundu kilikuwa kimelala kwenye nyasi, hakijaungwa tena na amplifaya. Kila mtu alikiona. Sikuondoa kidole. Niliogopa kukiondoa.

Ndipo Cucu akainua kichwa. Hakugeuka kututazama. Alielekeza uso kwenye dirisha la chumba cha Mathenge, akaita kwa Kikuyu, kwa sauti ya mama aliyechoshwa na kijana wake.

"Mathenge! Punguza hiyo kitu, watoto wamelala!"

Ilikuwa saa nane mchana. Hakuna aliyecheka. Nilimwona Simeon akimtazama mamake, mdomo wazi kidogo, kisha akakaa kabla hajaambiwa akae, akafunika uso kwa kofia yake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ule mlio ulikuwa bado unaendelea juu yetu sote.

Mama Judy akapita katikati ya watu, akachuchumaa mbele ya Cucu, akamrudishia blanketi magotini.

"Anapunguza, Mama," akasema. Kisha akanigeukia. "Gaceri, punguza."

Nikaondoa kidole.